Namba Isiyosumbua Mtu

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi darasani. Mara ya tatu! Kozi ileile, aljebra ya mstari, chumba kilekile, hata dawati lenye mguu mbovu nimelikuta palepale. Chuo kimeandika kwa wino mweusi: atakayeanguka mara ya tatu asirudi tena. Kozi ya marudio ni wiki nne. Basi wiki nne ndizo zilizobaki kati yangu na darubini.

Darubini ninayosema ni ile ya kupimia ardhi. Inasimama kwa miguu mitatu, na anayechungulia ndiye mpimaji. Mimi ni yule anayesimama kule mbali, kwenye nyasi, ameshika fimbo ya rangi nyekundu na nyeupe. Miaka kumi na moja! Sogea kushoto. Rudi kulia. Simama wima, usipumue. Vijana wametoka chuo juzi, ndevu hazijaota, wananipungia mkono kama wanafukuza inzi. Bosi ameniahidi kwamba nikipata cheti cha kozi hii, siku hiyohiyo nitachungulia mimi. Sina ombi jingine duniani.

Mwalimu ana mtindo wake wa kuzuia wizi. Hakuna watu wawili wanaofanya swali moja. Kila mtu anachukua namba yake ya usajili, tarakimu tisa, anazipanga tatu tatu katika mistari mitatu, na hilo ndilo sanduku lake la namba mpaka mwisho wa kozi. Langu ni mbili saba nne, tatu tisa tano, nane moja sita. Tunajuana. Limeniangusha mara mbili.

Saa tisa na dakika tano mlango ukafunguka. Akaingia mama mkwe.

Mama mkwe! Aliyemzaa mke wangu! Mkoba kwapani, miwani puani, penseli imechongwa mpaka inatisha. Miaka thelathini na moja alikuwa opereta wa simu, akichomeka nyaya na kuwaunganisha watu. Sasa amestaafu. Alimwambia Mwalimu amechoka kukaa nyumbani kutazama pazia, akaketi mbele kabisa. Mimi nikajificha nyuma ya mgongo wa mtu mnene. Nimekwisha. Mke wangu anajua kwamba mimi ni mkono wa kulia wa Mwalimu. Ameyajua hayo kutoka kwangu.

Jumatano, 5 Machi

Leo somo lilikuwa mishale. Mwalimu anachora mshale ubaoni, anausukuma kwenye sanduku la namba, unatokea upande wa pili ukiwa mwingine: umerefuka, umegeuka, au umelala. Jua la alasiri lilipita dirishani, vumbi la chaki likawa linaelea polepole, na mimi nikauona mshale ukishuka kutoka ubaoni. Ukapita juu ya vichwa vya watu. Ukatoka dirishani taratibu, ukaelekea kule kwenye mabati ya karakana. Nikaufuata. Nyasi zilikuwa laini, hakuna aliyeniambia sogea kushoto.

Kisha Mwalimu akaniuliza jibu ni ngapi. Nikasema kaskazini.

Watu walicheka sana. Mama mkwe hakucheka, aligeuka akanitazama kwa huruma. Afadhali angecheka.

Baada ya kipindi alinifuata mpaka kwenye ngazi. Akasema Jumamosi asubuhi anakaa meza ya jikoni na madaftari, na kama mkwe wake ana nafasi, wakae pamoja, kwani hesabu hizi si ngumu mtu akienda nazo pole pole. Nikasema ahsante mama, lakini Jumamosi nina kazi nyingi. Jumamosi sina kazi hata moja. Lakini nifundishwe na mkwe? Nikosee mbele yake, anishikie penseli kama mtoto? Hapana. Heshima ni heshima.

Nina njia nyingine. Zoezi la kwanza linakusanywa Ijumaa, na mama mkwe huacha daftari lake kwa mke wangu akipita kunywa chai.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenakili kazi yote. Ukurasa kwa ukurasa, hata michoro, hata pale alipofuta. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri ajabu. Nilikabidhi nikiwa wa kwanza, nikatembea kurudi kwenye dawati kwa madaha.

Mwalimu alitazama karatasi. Akanitazama mimi. Akauliza kwa upole kwa nini sanduku langu linaanza na tano moja nane.

Tano moja nane ni namba ya mama mkwe! Mtindo wa namba za usajili umetungwa kwa ajili ya watu kama mimi, nami nimeukanyaga kwa miguu yote miwili. Nilisema nimekosea kunakili namba yangu mwenyewe, tarakimu zote tisa. Mwalimu akasema bahati mbaya ya namna hiyo hutokea mara moja kwa miaka mingi sana, na akanipa sifuri.

Mama mkwe alisikia kila neno. Njiani aliniambia tu kwamba ukurasa wa tatu nimenakili vizuri kuliko yeye. Uso uliniwaka mpaka nyumbani.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimekutana na Mpole!

Mwalimu alichora sanduku: moja sifuri sifuri, sifuri moja sifuri, sifuri sifuri moja. Akasema sanduku hili yeye humwita Mpole, kwa sababu hamsumbui mtu. Mshale wowote ukiingia kwa Mpole unatoka vilevile ulivyoingia. Kinyume cha Mpole, yaani sanduku la kuurudisha mshale ulivyokuwa, ni Mpole mwenyewe. Ukimzidisha Mpole kwa Mpole unapata Mpole. Mara elfu! Bado Mpole.

Sikusikia kingine. Niliweka shavu kwenye kiganja nikamtazama ubaoni. Moja tatu zinashuka mshazari kama watu wanaoteremka ngazi bila haraka, na pembeni sifuri, kimya, nafasi, hewa. Niliingia humo ndani. Ni nyumba yenye vyumba sita vitupu, upepo unapita, pazia jeupe, hakuna anayeuliza kitu. Kengele ilipolia nilikuwa bado naangalia.

Ndipo likanijia. Sanduku linatoka kwenye namba ya usajili. Namba ya usajili inatoka kwa karani. Karani ni binadamu. Kama namba yangu ingekuwa moja sifuri sifuri sifuri moja sifuri sifuri sifuri moja, Mpole angekuwa wangu, kwenye mazoezi na kwenye mtihani! Akili ni nywele, na zangu leo zimesimama.

Jumanne, 11 Machi

Ofisi ya usajili. Kidirisha kidogo, karani mwenye sweta la kijani, na foleni iliyopinda mpaka chooni. Nilimweleza karani kwamba namba yangu ya sasa inanipa ndoto mbaya. Akasema na yeye anaota ndoto mbaya, anaota foleni. Nikasema namba yangu ina nane ndani yake na kwetu nane hatuelewani nayo. Akasema namba si viatu, mtu hajaribu akarudisha. Anayefuata!

Nimetoka mikono mitupu. Lakini nimeona kitu. Karani anachukia ile foleni. Inajikunja, watu wanachomekana, naye kwenye kidirisha chake haoni nani katangulia nani. Alilalamika peke yake muda wote, akigonga mhuri kama anapiga mbu.

Alhamisi, 13 Machi

Nilibeba fimbo yangu ya kazi, kamba na kopo la rangi nyeupe. Karani akauliza nataka nini tena. Nikasema sitaki kitu, nataka kumnyooshea foleni yake.

Na niseme kweli, kwenye hili sina mpinzani. Nilisimamisha fimbo, nikavuta kamba, nikapiga mstari kutoka kwenye kidirisha mpaka lango la nje. Haujapinda hata kwa unywele. Nikaweka alama za kusimama, hatua moja moja. Watu wakajipanga wenyewe bila kuambiwa. Karani alichungulia akawaona wote, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka yule wa mwisho kabisa langoni. Macho yake yakalegea. Alikaa hivyo kitambo, mhuri hewani. Akasema miaka tisa hajawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Akafungua daftari kubwa. Akaniuliza nataka namba gani. Nikamtajia, tarakimu moja moja.

Nimepata kadi mpya! Sijaitazama sana, nimeiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Kazi ya kesho nimeshaikamilisha kwa dakika mbili. Kila swali: Mpole.

Jumatatu, 17 Machi

Sifuri tena.

Karani alikosea. Tarakimu mbili za mwisho zimepishana! Kadi inasema moja sifuri sifuri, sifuri moja sifuri, sifuri moja sifuri. Mimi nimekaa na kadi hiyo kifuani siku nne nzima nikiipapasa kama mtoto mchanga, wala sikuisoma. Mwalimu alinieleza mbele ya wote kwamba mistari yangu miwili ya chini ni mapacha, na sanduku lenye mapacha limebomoka: halina kinyume, na mishale mingine ikiingia humo haitoki, inakuwa sifuri.

Nilipaswa kuhuzunika. Lakini niliishia kuwaza ile mishale. Inaingia, haitoki. Inakwenda wapi? Mwalimu anasema haiendi popote, imekuwa sifuri tu. Nadhani kuna mahali. Bonde la chini, kuna ukungu, mishale yote imelala ubavu kwenye umande na hakuna anayeihesabu. Nilitamani kulala nayo kidogo.

Mama mkwe aliniamsha kwa kunigusa bega kwa penseli. Akasema anaona namba yangu imetulia siku hizi, ila imetulia mno. Akasema Jumamosi bado ipo. Nikasema Jumamosi nina msiba. Akauliza wa nani. Nikasema wa mbali.

Jumanne, 18 Machi

Karani amerekebisha. Safari hii nimesoma kadi mara saba, nikaiinua juu kwenye mwanga, nikamsomea karani kwa sauti, naye akanisomea mimi. Ni yeye. Mpole mwenyewe, na mhuri juu.

Mke wangu ananiuliza mbona natabasamu kwenye sahani. Nimemwambia nimefikia sehemu ya juu kabisa ya somo. Akasema mama yake hajamwambia kitu juu ya masomo yangu, kila akiuliza anabadilisha mazungumzo na kuulizia sukari. Mungu ambariki mama yule. Ananisitiri, nami nazidi kumkimbia kama deni.

Ijumaa, 28 Machi

Mtihani. Nitaandika polepole maana mkono bado una baridi.

Nilichelewa. Nilikuwa nimesimama koridoni naangalia kadi yangu. Nilipoingia, viti vyote vimejaa, imebaki nafasi moja tu, kwenye benchi la mbele, ubavuni kwa mama mkwe. Nilikaa ukingoni kabisa, tako moja kwenye benchi, la pili hewani, kwa adabu. Mguu ukaanza kufa ganzi kabla hata karatasi hazijagawiwa.

Mwalimu akasimama. Akasema anajua watu wamekariri majibu ya masanduku yao. Kwa hiyo leo kila mmoja abadilishane kadi na jirani yake wa benchi.

Dunia ilizunguka! Mama mkwe akanyoosha mkono, akachukua Mpole wangu, akanipa tano moja nane yake. Namba zile zilinikodolea macho. Hapakuwa na hata moja niliyojua kuianza. Niliziona zile nyasi, ile fimbo, mkono wa kijana ukinipungia: sogea kushoto, mzee. Mzee! Machozi yalinilenga, nasema wazi, na sikuwa na leso.

Dakika tano hazijaisha, mama mkwe akainua mkono. Alimwambia Mwalimu kwamba amemaliza. Akasema miaka thelathini na moja hajawahi kupewa simu isiyo na mtu upande wa pili, na leo ndiyo mara ya kwanza. Hii si kazi, akasema, huku ni kudanganywa. Yeye hakuacha pazia lake nyumbani aje kuandika sifuri. Anaomba namba yake, afanye kazi kama watu wazima.

Mwalimu akaja. Akaitazama kadi. Akanitazama mimi. Akautazama mhuri wa usajili, kitambo kirefu, mdomo unamcheza. Mwishowe akasema mhuri ni mhuri, na anayeomba kazi ngumu hanyimwi. Rudishianeni.

Mpole akarudi mkononi mwangu! Niliandika mbio, majibu yote hayakujaza nusu ukurasa. Swali la mwisho likasema: eleza kwa maneno yako sanduku lako linafanya nini kwa mshale. Hapo nilitulia. Nikaandika ukurasa mzima. Kwamba mshale unaingia asubuhi, hakuna anayeusukuma, hakuna anayeuambia usogee, unapita kwenye vyumba vyeupe, na jioni unatoka ukiwa uleule. Mama mkwe pembeni yangu alikuwa anatoka jasho, anafuta, anaandika, anatabasamu peke yake. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Jumatano, 9 Aprili

Nimefaulu! Hamsini na moja! Inahitajika hamsini!

Mama mkwe tisini na nne, lakini leo simwonei mtu wivu. Mwalimu ameandika chini ya karatasi yangu kwamba ukurasa wa mwisho ameusoma mara mbili, na anaomba nisije nikajenga daraja. Mke wangu amepika vizuri na kunisifu mbele ya jirani. Nimekibandika cheti ukutani, nikakibandua, nikakibandika chini kidogo ili wageni wakione wakiwa wamekaa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimechungulia.

Ilikuwa kwenye uwanja wa zahanati mpya, wanataka kuweka uzio. Bosi alitimiza ahadi. Akanikabidhi darubini mbele ya wote, na fimbo akapewa kijana mwenye ndevu tatu. Niliinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimengoja kuinama miaka kumi na moja. Nikafumba jicho moja.

Ilikuwa kimya mle ndani. Nyasi zilikuja karibu, moja moja, na umande wake. Fimbo ilikuwa kubwa, nyekundu na nyeupe, na juu yake siafu mmoja anapanda bila wasiwasi. Nyuma yake shati la kijana, kifungo kimoja kimekatika. Miaka yote hiyo kumbe ndivyo nilivyokuwa naonekana: karibu sana, kila kitu kinaonekana! Nilichungulia mpaka Bosi akakohoa.

Nikasoma vipimo vizuri. Kisha Bosi akanipa karatasi. Akasema ramani ya zamani imelala upande kidogo, kwa hiyo vipimo vizungushwe kwanza kupitia sanduku hili la namba, ndipo vigingi vipigwe. Nikalitazama sanduku. Nikamtafuta Mpole mle ndani. Hayumo. Hakuna sifuri hata moja! Namba tisa zimebanana, zingine na alama ya kutoa, zingine na nukta.

Nilifanya ninachokijua. Niliingiza vipimo upande huu, nikavitoa upande ule vilevile vilivyokuwa, nikasaini.

Kigingi cha kwanza kilikaa njiani, mwendesha baiskeli akashuka akakizunguka akitukana. Cha pili kikaingia banda la kuku. Cha tatu kikapigwa sebuleni kwa mama mmoja. Mpiga nyundo alibisha hodi kwanza, akakaribishwa, akaeleza kwamba uzio wa zahanati unapita hapa. Mama akatoka na mwiko. Kuku walikuwa kila mahali.

Bosi hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alichukua darubini kutoka mikononi mwangu taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa viatu. Akachukua fimbo kutoka kwa kijana, akanipa. Nikaenda nikasimama kwenye nyasi. Kijana akainama, akafumba jicho. Sogea kushoto, akasema. Nikasogea. Roho iliniuma, nikashukuru upepo ulikuwa unavuma usoni maana hakuna aliyeuliza macho yana nini.

Jumanne, 15 Aprili

Mama mkwe amekuja asubuhi. Habari za kuku zimemfikia. Hakuniuliza kitu. Aliweka daftari jipya mezani, na penseli mbili, moja yake moja yangu. Akasema kuna kozi ya pili, na Bosi bila shaka atanipa nafasi nyingine nikifaulu ile, na yeye ameshajiandikisha. Akasema tuanze leo, tuanze mwanzo kabisa, na kwamba yeye mwenyewe wiki ya kwanza alilia. Sauti yake ilikuwa ya chini. Mke wangu alisimama mlangoni akishika pazia, akitutazama, na nilijua sasa anajua yote.

Nilikaribia kukaa. Kiti nilishakivuta.

Lakini jana jioni nilipita kwa karani kumsalimia, akaninong'oneza habari. Kozi ya pili Mwalimu hatumii namba za usajili tena, amestuka. Anatumia tarehe ya kuzaliwa, tarakimu nane na sifuri moja ya kujazia! Na tarehe za kuzaliwa zinakaa ofisi ya vizazi, na ofisi ya vizazi, nimeshaichungulia, ina foleni mbaya kuliko ile. Imejikunja kama utumbo!

Nikamwambia mama mkwe leo sina nafasi. Nimepaki kamba, fimbo na kopo la rangi. Nimepiga hesabu usiku kucha: tarehe mosi, mwezi wa kwanza, na mwaka unaokaa vizuri zaidi, wenye sifuri mahali pake, unanifanya niwe na miaka sitini na tano. Mke wangu ameuliza kama nimegundua kwamba hapo nitakuwa nimemzidi mama yake umri kwa miaka mitatu.

Nimegundua. Itabidi awe ananiamkia. Nimeanza mazoezi mbele ya kioo, mkono mmoja kiunoni, sauti nzito kidogo, bila kujivuna: marahaba, mwanangu, marahaba.